Ukubwa wa Kiwanja Uamuliwe na Udongo
Mwaka 2002 Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na mashamba ya Kibada na Buyuni yakageuzwa makazi. Viwanja viligawanywa kwa ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, mgawanyo wenye asili katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ya mkoloni. Asili hiyo haina sayansi. Nyumba 100 zikijipanga upande mmoja wa barabara, kila kiwanja kikiwa na upana wa mita 40, zahitaji bomba la kilomita 4. Upana ukiwa mita 20, kilomita 2 zatosha. Lakini pasipo mabomba ya majitaka, nyumba zikibanana mno shimo la choo husogelea kisima cha jirani. Yapasa kina cha maji ya ardhini kipimwe kwanza, ndipo ramani ichorwe.