Mtoto anagonga biti kwenye kompyuta? Mzazi, angalia na masikio yake

Mzazi mwenzangu, kama siku hizi kompyuta ya nyumbani imegeuka ngoma, usiwe na haraka ya kuizima. Kijana wako amegundua kupiga ngoma kwa vidole. Anafungua programu ya kutengenezea muziki, kila kitufe cha kibodi kinabeba sauti yake, kiki huku, snea kule, naye anagonga biti kama anavyogonga dawati darasani mwalimu akitoka.

Swali linaloulizwa zaidi na wazazi ni kama wamnunulie kile kifaa anacholilia. Ni kibao chenye vitufe 16 vya mpira, vinne kwa vinne, mpangilio uliopata jina kupitia MPC60, mashine ya kampuni ya Akai iliyobuniwa na Roger Linn wa Marekani na kuingia sokoni mwaka 1988. Wenyewe wanaviita pedi. (Ukienda dukani fafanua vizuri, usije ukaelekezwa rafu nyingine.)

Mimi nasema asubiri kwanza. Kibodi inatosha kuanzia, na programu za bure zipo: GarageBand kwa wenye kompyuta za Apple, LMMS kwa wenye Windows. Kibodi ina upungufu wake, haitambui kama kidole kimegonga kwa nguvu au taratibu, na nyingi hushindwa kupokea baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja. Lakini mtoto akianza kulalamikia mambo hayo mwenyewe, ujue amefika mbali. Hapo ndipo mzungumze kuhusu hela.

Kitu kimoja kinachowakatisha tamaa wengi ni hedifoni zisizo na waya. Sauti huchelewa kufika sikioni. Mtoto anagonga sasa, ngoma inalia baadaye kidogo, anadhani hajui kumbe mikono yake iko sawa. Mpe za waya, hata zile za bei ya chini.

Kuhusu mazoezi, mpunguzie kasi. Aweke mlio wa kuhesabu kwenye midundo 70 kwa dakika, ahesabu moja hadi nne kwa sauti. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kigonge kiki kwenye moja na tatu, cha kati kigonge snea kwenye mbili na nne. Basi, siku mbili tatu awe na hivyo viwili tu. Vikikaa, mkono wa kulia uongeze haihati, mara mbili kwa kila hesabu. Hapo vidole vya kushoto huanza kuufuata mkono wa kulia, na vijana wengi hukasirika. Akirudi kwenye kasi ya 60, hutulia. Apande midundo mitano tu baada ya kupiga mizunguko minne bila kukosea. Najua anataka singeli, ila singeli huenda zaidi ya midundo 200 kwa dakika, haianzwi huko.

Programu pia zina kitufe cha kunyoosha mapigo, vijana hukiita kwantaizi. Ukikibonyeza, kila pigo lililoteleza linavutwa mahali pake. Kinasaidia kazini, lakini kwa anayejifunza kinamficha asisikie anapokosea. Kwa wiki za mwanzo akiache.

Sasa nije kwenye masikio, maana mazoezi haya hufanyika ndani ya hedifoni, sauti zilezile zikijirudia saa nzima. Sikio huzoea kelele. Kilichotosha saa kumi jioni, saa moja usiku kinaonekana kidogo, mtoto anaongeza. Kwa vifaa hivi Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopungua haraka: kwa mtu mzima, kwenye desibeli 90 zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Huna kipimo cha desibeli nyumbani, sawa. Sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa kifaa. Msimamie umbali wa mkono mmoja: ukisikia ngoma zikivuja kutoka kwenye hedifoni, au ukimwita kwa sauti ya kawaida asigeuke, apunguze. Kila baada ya nusu saa azivue na mikono ipumzike. Jioni moja moja mruhusu apige kwa spika sebuleni, mtavumilia.

Mkao nao uangalieni. Viwiko vikae usawa wa meza, viganja visining'inie pembeni, na agonge kwa wepesi, kwani kupiga kibodi kwa nguvu hakuongezi sauti yoyote. Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi ya vidole ni sababu ya kuacha siku hiyo, si ya kujikaza.

Na akikwambia masikio yanavuma au yanalia kama nyenje, azivue hedifoni zisirudi siku hiyo. Mlio ukiendelea mpaka kesho yake, au ukiona anaongeza sauti ya televisheni kuliko wenzake, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akapimwe usikivu.