Betri Ikijaa Polepole, Mimi Natembea

Kinyozi wa Gede alilitazama gurudumu langu, akaitazama chaja yenye ukubwa wa tofali, kisha akauliza: "Mwalimu, hii simu yako ni ya aina gani?" Ukutani kwake pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kuchaji simu ni shilingi 20. Tulicheka, tukapatana shilingi 100, naye akachomoa feni ili nipate soketi. Nikamwachia kofia ngumu na begi, nikashika njia ya Watamu kwa miguu mpaka kwenye magofu ya Gede, nikazunguka, nikarudi. Saa mbili zilikuwa zimepita. Betri ilikuwa imepanda kutoka asilimia 22 hadi 80, na saa yangu ya mkononi ilihesabu hatua 11,000 na ushei.

Nimeisimulia safari hiyo kwa sababu kila ninapopita Kilifi mjini nasikia maneno mawili. La kwanza ni kwamba chombo changu ni cha wavivu. La pili ni kwamba kinachaji polepole mno, hakifai. Watu hawajui kwamba neno la pili ndilo jibu la neno la kwanza.

Chombo chenyewe ni gurudumu moja la umeme. Hakina usukani, hakina kiti, hakina breki ya mkono. Unasimama juu ya pedali mbili, gurudumu likiwa katikati ya miguu. Ukiegemea mbele linakwenda. Ukiegemea nyuma linapunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Langu lina uzito wa kilo 27. Mpwa wangu aliyeko Dubai ndiye aliyelinunua, akanitumia kwa meli ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani, maana ndege za abiria hazipokei betri ya kawaida ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hii ina 1,500. Watoto wa mtaani waliliita tairi, na jina hilo limeshika.

Nilifundisha fizikia miaka 31. Nilipostaafu sukari yangu ilikuwa imepanda, na daktari hakuuma maneno: fanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Je, kusimama juu ya tairi kunahesabiwa? Wapenzi wa vyombo hivi huapa kwamba ndiyo. Wanasema mapaja yanafanya kazi, mgongo unafanya kazi, misuli ya tumbo haipumziki. Ni kweli kiasi. Muulize makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu tangu alfajiri kama miguu yake imepumzika. Baada ya dakika 40 nyayo zangu hushikwa na ganzi, na mashavu ya miguu hukaza kama kamba ya ng'ombe. Nikishuka ghafla napepesuka, mama wauza maembe wanadhani nimetoka mangweni.

Lakini sitaki kujidanganya, na daktari hadanganyiki. Nikikaa, moyo wangu hupiga mara 72 kwa dakika. Juu ya tairi, barabara ikiwa tambarare, hufika 92. Nikitembea kwa haraka hufika 118. Kusimama ni kazi, ila si kutembea. Anayetaka kulinunua ili apunguze tumbo atakuwa ametupa pesa, kama huo ndio mwisho wa hesabu yake.

Twende kwenye masafa, kwani hapo ndipo uongo ulipo. Boksi limeandikwa kilomita 120. Sijawahi kuziona. Namba hiyo hupatikana kwa mtu mwepesi, mwendo mdogo, lami laini na hewa iliyotulia. Mimi nina kilo 86, na Pwani hewa haitulii. Jambo la kwanza ninalolitazama kabla ya kutoka si betri, ni mnazi. Matawi yakielekea kaskazini, kusi imeamka.

Kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60, na barabara inapanda kuelekea kaskazini na mashariki kidogo. Chukulia upepo wa kusi wa kilomita 15 kwa saa, nami nakwenda 25. Nikienda Malindi upepo unanisukuma mgongoni, kwa hiyo kifua changu kinapasua hewa ya kilomita 10 tu kwa saa. Nikirudi, kinapasua hewa ya 40. Mara nne zaidi, utasema. La. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, basi ni mara 16. Na mtu aliyesimama wima juu ya tairi ni tanga, hana pa kuinamia kama mwendesha baiskeli.

Manahodha wa majahazi walilijua hili kabla ya mwalimu yeyote wa fizikia. Hata Vasco da Gama, alipofika Malindi Aprili 1498, aling'oa nanga mwezi huohuo kwenda India kusi ilipokuwa inaanza. Mimi mjuaji nilisubiri mpaka nianguke ndipo nijifunze.

Ilikuwa Agosti. Nilifika Malindi asubuhi betri ikiwa na asilimia 45, nikaijaza yote kwa rafiki, nikala pilau, nikaanza kurudi saa nane mchana, wakati upepo wa baharini umepamba moto. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulinikinga mahali fulani. Baada ya hapo ikawa ni kifua kwa kifua. Karibu na Tezo, kilomita kumi hivi kabla ya kufika nyumbani, betri ilisoma asilimia 14, na pedali zikaanza kuinuka mbele. Hiyo ndiyo lugha ya chombo: shuka, mzee. Baiskeli ikichoka inasimama. Tairi hili linasimama wima kwa nguvu za mota tu, na betri ikiishiwa, wewe unayeegemea mbele huna kitu cha kukushika. Nilipuuza kwa mita mia moja hivi. Kiganja cha mkono wa kulia kina kovu mpaka leo. Nilisukuma kilo 27 kilomita tatu kwenye vumbi la kando ya barabara, kisha nikasimamisha tuktuk.

Tangu siku hiyo, kwangu asilimia 20 ni sifuri. Hesabu yangu ya masafa inaanzia hapo kwenda juu, na kusi ikivuma sivuki Gede bila kuchaji.

Ndipo nilipofika kwa kinyozi. Chaja yangu inatoa volti 84 na ampea 5, yaani kama wati 420. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ni saa mbili na dakika chache. Asilimia 20 iliyobaki hujaa kwa kudondoka kama maji ya mfereji wa Ramadhani, kwa hiyo siisubiri. Vijana huniambia nihamie pikipiki ya umeme, ambayo betri yake hubadilishwa kituoni kwa dakika chache. Kwa mtu wa boda anayetafuta unga, nakubali kabisa. Kila dakika yake ni abiria. Mimi dakika zangu nimeshazifanyia kazi miaka 31. Ningebadilishiwa betri kwa dakika tatu, ningepanda tena na kuendelea kusimama, moyo ukipiga 92. Saa mbili za soketi ndizo zinazonitoa kwenye chombo na kunitia barabarani kwa miguu. Safari moja ya Gede na moja ya Malindi kwa wiki zinanipa dakika 240 za kutembea. Malindi huwa nafuata ufuo hadi kwenye nguzo ya da Gama, nageuka. Sukari imeshuka. Daktari alipouliza nafanya mazoezi gani, nilimwambia nachaji betri.

Kinachonisumbua si muda wa kuchaji, ni aibu ya kuomba. Kwenye mkahawa mmoja niliambiwa stima ni ya wateja, nami nimeketi na chai na mahamri matatu mbele yangu. Kwingine walitaka shilingi 300. Serikali imejaribu: mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti ilipoanza, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo ni ya vituo vya kuchajia. Haimfikii kinyozi wa Gede, wala muuza chipsi wa Matsangoni, na hao ndio tulio nao njiani.

Basi nawaambia wenye maduka kati ya Mtwapa na Malindi. Kunichaji saa mbili ni kama uniti moja, na hata kwa tokeni za kawaida ni shilingi thelathini hivi. Andikeni ukutani, chini ya bei ya simu: gurudumu, baiskeli ya umeme, shilingi 100. Shilingi sabini ni zenu. Sihitaji kiti, sitakaa.