Moto wa Miwa Umezimika Ruiru, Nasi Pwani Tujifunze

Mwaka jana nilimtembelea mpwa wangu Ruiru, anakopanga chumba na kufanya kazi Thika. Nilimkuta akipika wali kwa jiko lisilo na moshi wala masizi. Nikamuuliza, "Mwanangu, wapikia nini?" Akacheka. "Ni ethanoli, mjomba. Naenda dukani na kikopo, najaza kwa shilingi nilizo nazo."

Hapo nikaelewa. Wapangaji wengi wa Ruiru na Thika hununua moto kama wanavyonunua unga, kidogo kidogo. Gesi yataka pesa ya mtungi mzima kwa mara moja. Mafuta taa yalipanda tangu 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa Sh18 kwa lita. Makaa yamaliza misitu na vifua vya mama zetu. Ethanoli hutokana na molasi, uji mweusi unaobaki miwa ikishatolewa sukari. Muwa ukikatwa huota tena, lakini mti wa makaa hungojwa miaka.

Kuna wanaouliza: si pombe ile? Asili ni moja, ila ya jikoni hutiwa kemikali isinyweke. Hukumu nawaachia masheikh wetu. Langu ni hesabu ya jikoni.

Na hesabu hiyo imevurugika. Mwishoni mwa Januari 2026, KOKO Networks, iliyohudumia nyumba zaidi ya milioni moja nchini, ilifunga kazi. Bei yake nafuu ilitegemea pesa za kuuza hewa ya ukaa ng'ambo, na idhini ya serikali iliyohitajika haikupatikana. Kila upande una hoja zake, lakini sufuria haingoji hoja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1983 Kenya ilianza kuchanganya petroli na ethanoli ya Muhoroni. Miaka ya 1990 mpango ukafa. Brazili ilianza mpango wake 1975, na hadi leo magari yake yaenda kwa miwa. Tofauti ni kuwa wao walishikilia sera yao hata bei ya mafuta iliposhuka.

Sisi Pwani tuna somo letu. Ramisi, Kwale, palikuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988, na baadaye KISCOL ikapanda miwa tena. Nchi iliyo na mashamba ya miwa haifai kuagiza ethanoli kutoka nje, kisha ingoje soko la wageni lilipie nafuu yake. Molasi yetu ikigeuzwa moto hapa hapa, mkulima wa Kwale atapata na mpangaji wa Ruiru atapata.

Basi wakija kuomba kura 2027, msiwaulize barabara pekee. Waulizeni pia: mama atapikia nini?