Msaada wa Maafa Hufuata Daftari

Ndugu Wanachama,

Kila mvua zinapozidi, au jua linapokausha miche yetu, huulizwa barazani: "Serikali itatupa nini?" Swali hilo si baya, lakini lipo linalolitangulia: itampa nani, na itamjuaje?

Tuwatazame wenzetu wa Moshi, kwani nao hutegemea mti wa kudumu, na bei yao huamuliwa ng'ambo kama yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Hata hivyo, bei ilipoanguka kwa mtikisiko wa uchumi wa dunia, Rais Jakaya Kikwete alitangaza, Juni 2009, mpango wa kunusuru uchumi, na ndani yake zilitengwa fedha za kufidia makampuni na vyama vya ushirika vilivyokopa benki kununua pamba na kahawa. Sisemi hiyo ilikuwa dhuluma, maana mnunuzi aliyefilisika hawezi kurudi msimu ujao. Lakini tuzingatie kwamba zilifuata hasara iliyokwisha kuandikwa katika vitabu vya benki.

Kisha, Aprili 2024, mafuriko yaliikumba Moshi. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua zimeathiri kaya zipatazo 51,000 nchini. Nyumba iliyobomoka huonekana hata maji yakikauka. Mahindi yaliyozolewa na maji, nani atayahesabu? Na likiwa shamba la kukodi, hasara ni ya mwenye ardhi au ya aliyelima?

Maswali hayo ni yetu pia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Kusalimika jana si hati ya kusalimika kesho. Yakitufika, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa itamuuliza sheha, na sheha atatuuliza sisi. Je, kila mmoja wetu ajua idadi ya mikarafuu yake? Mingine ni urithi usiogawanywa, mingine imekodishwa kwa maneno ya mdomo tu. Stakabadhi ya kituo cha ununuzi huonyesha aliyeuza karafuu, haimwonyeshi mwenye mti.

Najua wapo wanaonong'ona kwamba kuhesabu miti ni kutayarisha kodi. Hofu hiyo siidharau. Kwa hiyo napendekeza daftari likae tawini, lisomwe hadharani kila mwisho wa msimu, kila mtu asikie jina lake na la jirani yake. Hapo mwongo ataona haya kuongeza miti, na mjane hatasahauliwa. Anayekodisha na anayekodi waandikiane mapema nani atapokea nini miti ikianguka.

Nasi Chama tuiombe Serikali jambo moja: kabla ya malipo yoyote ya maafa, orodha ibandikwe nje ya ofisi ya sheha, na wenye malalamiko wapewe siku za kuyatoa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tuandike sasa, miti ingali imesimama.

Wasalaam,
Katibu wa Chama