BIBI WA NNE ALIYEMSHINDA MUMEWE

Hapa shuleni wako wanaowacheka wenzao eti, "Mama yako ni bibi wa pili, hana sauti!" Maneno haya huniuma, maana mimi mwenyewe nimezaliwa nyumba ya pili. Leo nitawajibu kwa kisa cha Martha Hughes Cannon.

Mama huyu alizaliwa Wales mwaka wa 1857. Wazazi wake walikuwa Wamormoni, wakahamia Utah, Marekani, yeye akiwa mtoto mdogo. Dadake mchanga alifia njiani, na baba yao akafariki punde tu walipofika. Hata hivyo Martha alisoma kwa bidii, akawa daktari mwaka wa 1880.

Mwaka wa 1884 aliolewa na Angus Cannon akawa mke wa nne. Kwa kuwa serikali ilikataza mitala, alitorokea Ulaya na mtoto mchanga asije akaitwa kortini. Ndoa hiyo ilimtesa, sikatai.

Lakini ngojeni! Mwaka wa 1896 aligombea kiti cha seneti ya Utah. Mumewe naye aligombea kwa chama kingine. Nani alishinda? Mama! Akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo.

Je, huyo hana sauti? La hasha! Mimi siisifu mitala, ila hakuna mtoto anayechagua nyumba ya kuzaliwa. Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Wenzangu, tuwache kuchekana.