Harufu Ile Haitoki kwa Sabuni

Mwezi huu tunakualika uiname nasi chini ya sinki la jikoni. Si mahali pa kupendeza, lakini tuna sababu.

Tulipohamia nyumba ya kupanga hapa Makambako ulikuwa mwezi wa Juni, baridi na upepo kama tunavyoujua. Madirisha tulifunga mchana na usiku kwa ajili ya mtoto mchanga. Baada ya siku chache jikoni pakaanza kunuka. Tulisugua sinki, tukamwaga dawa, tukaosha hata ukuta. Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akanusa, akanyamaza. Akina mama, kunyamaza kule mnakujua! Baba naye akauliza kama vyombo vinaoshwa sawasawa, na jioni ile hatukulala kwa amani.

Kosa halikuwa la aliyeosha vyombo. Fundi aliyejenga aliunganisha bomba la sinki moja kwa moja hadi shimo la maji taka, bila trapu.

Trapu ni kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki. Katika mpindo wake hubaki maji kidogo kila unapomaliza kuosha, nayo huziba njia ya hewa chafu, mende na wadudu wengine wa shimoni. Ndiyo kazi yake yote. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, aliandikisha choo chenye bomba lililopinda hivyo mwaka 1775, na mpaka leo hatujapata njia iliyo rahisi zaidi. Maji hayo yafaa yawe na kina cha sentimita 5 au zaidi, kama upana wa vidole vitatu.

Sasa dukani utaonyeshwa za namna nyingi. Ile ya umbo la herufi P hutoa maji kupitia ukutani, nayo ndiyo tunayoipendelea kwa sinki la jikoni, ya nchi moja na nusu. Ile ya umbo la S hushuka hadi sakafuni. Nyumba nyingi zinayo, lakini maji yakienda kwa kasi huweza kuvuta na yale yaliyotakiwa kubaki. Ukisikia sinki linakoroma mwishoni, fahamu kwamba huenda trapu imebaki tupu. Mwambie fundi aweke bomba la hewa linalopanda juu ya paa.

Trapu ya chupa ni nzuri kwa macho, na kwa beseni la kunawia haina ubaya, kwa kuwa kitako chake hufunguliwa kwa mkono. Jikoni usiiweke. Kwa baridi ya Njombe mafuta ya kukaangia huganda upesi, na chupa ile hujaa utando kabla ya mwezi kwisha. Na ule mpira wenye mikunjo kama kodioni, ambao mafundi huupenda kwa sababu ni rahisi na hupinda kila upande? Kila mkunjo hushika ukoko, tena baada ya muda hulegea na mpindo hupotea. Tungenunua chache zaidi za vitu vingine kuliko kuununua huo.

Kwa wenye choo cha kuchuchumaa: mara nyingi sinki lake na trapu huuzwa mbalimbali, hivyo hakikisha umebeba vyote viwili kabla gari halijaondoka kwenda Ludewa au huko Mchuchuma. Kurudi dukani ni safari. Lakini choo cha kukalia huwa na mpindo wake ndani, usikubali fundi aongeze mwingine mbele yake, kwani mipindo miwili mfululizo huzuia maji yasiende.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni tundu la sakafu ya bafu, hasa bafu la chumba cha wageni. Lisipotumika, maji hukauka na mlango umefunguka. Si harufu tu. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliugua SARS, na wachunguzi walitaja trapu za sakafu zilizokauka kuwa mojawapo ya njia ambazo ugonjwa ulipitia kutoka bafu hadi bafu. Basi mwaga kopo la maji kila juma, na ukisafiri kwa muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu yake, yatachelewesha maji kukauka. Makambako pia upepo ukipita juu ya bomba la hewa huweza kuyatikisa maji hayo mpaka yapungue, kwa hiyo usingoje harufu ikukumbushe.

Kusafisha trapu hakuhitaji fundi. Weka ndoo chini kwanza (tulisahau mara moja, tukaosha miguu yetu wenyewe), fungua nati kwa mkono, sugua ndani kwa mswaki wa zamani, angalia mpira wa duara usidondoke, kisha funga na ujaze maji.

Yetu ilichukua fundi mwingine chini ya saa moja kuiweka. Mama mkwe alirudi mwezi wa Agosti, akaingia jikoni, akaomba chai.