Someni shasi kabla ya kulipa: barua kutoka Brussels

Ndugu zangu wa Ibanda, Kadutu, Bagira na Panzi,

Ujumbe wenu wa sauti umenifikia. Mmesikia kwamba hapa Brussels magari ya mazutu, yaani dizeli, yanauzwa kwa bei ya kutupa, basi mnataka nitafute moja zuri, lipakiwe Antwerp, lishukie Mombasa au Dar es Salaam, kisha lipandishwe mpaka kwetu Bukavu. Mmetaja rangi, mmetaja viti, mmetaja hata redio. Hakuna aliyeuliza kwa nini bei imeanguka. Jambo hilo limenikera hata nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Bei imeanguka kwa sababu magari hayo yamefukuzwa mjini. Tangu mwaka 2018 Brussels ina sheria ya kuzuia magari yenye moshi mchafu. Kamera husoma namba barabarani, na kuanzia Januari 2022 gari la mazutu la kiwango cha Euro 4 haliruhusiwi kuzunguka humu. Mwenye gari la namna hiyo hulipeleka mtaa wa Heyvaert, kando ya mfereji, ambako biashara ya kusafirisha magari yaliyotumika kwenda Afrika imekaa miaka mingi. Nikipita pale nayaona yamepangwa yakingoja meli, na roho inaniuma. Moshi ambao mzazi wa hapa amekataa mwanawe auvute, sisi tunaulipia nauli ya bahari.

Na uchakavu si tatizo lote. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya udanganyifu ndani ya magari yake ya mazutu. Programu hiyo ilifuatilia usukani, mwendo na muda wa safari. Ikiona magurudumu yanazunguka huku usukani haugeuki, inajua gari limepandishwa juu ya mtambo wa kupimia, basi inasafisha moshi kwa bidii na gari linafaulu. Likirudi barabarani usafishaji unalegezwa, na oksidi za nitrojeni zinatoka hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa kule. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Waliolianika jambo hili walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani kama raia yeyote anavyoliendesha.

Huku watu waliwajibishwa. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu kabla wiki haijaisha. Oliver Schmidt, mmoja wa mameneja, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 mjini Detroit mwaka 2017. Mei 2025 mahakama ya Braunschweig, Ujerumani, iliwatia hatiani wakubwa wengine 4 wa zamani, na 2 kati yao wakapewa kifungo cha jela. Kampuni imetoa zaidi ya dola bilioni 30 kwa faini, fidia na kuyanunua tena magari ya wateja. Hapa Ubelgiji shirika la watumiaji la Test-Achats lilifungua shauri la pamoja mwaka 2016, na mwaka 2023 mahakama ya Brussels ikaamua kwamba wanunuzi wafidiwe.

Sasa niambieni: mama anayeuza mihogo pale Nyawera, anayevuta moshi wa gari hilohilo likiwa mkononi mwa mmiliki wa tatu, atafidiwa na nani? Udanganyifu ni uleule, injini ni ileile, na mapafu ya Mshi hayana tofauti na mapafu ya Mbelgiji. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu Juni 2012. Halikuandika kwamba Bukavu imesamehewa.

Najua jibu la mjomba: sisi hatuendeshi Volkswagen, sisi ni watu wa Toyota. Mjomba, nisikilize kwa upole. Machi 2022 kampuni ya Hino, inayotengeneza malori chini ya Toyota, ilikiri kwamba ilighushi takwimu za moshi za injini zake. Uchunguzi ukaonyesha mchezo huo ulianza angalau mwaka 2003. Agosti mwaka huohuo usafirishaji wa malori madogo ulisimamishwa, na miongoni mwake ilikuwamo Dyna ya Toyota, ambayo injini yake hutoka Hino. Dyna! Ile inayobeba mchanga, makreti ya bia na maharusi wa kwetu. Januari 2025 Hino ilikubali mashtaka Marekani, katika makubaliano yanayopita dola bilioni 1.6. Dyna zilizosimamishwa mwaka huo, nyingi huenda bado ziko Japani. Zitafika Bukavu zikishachokwa, na uongo wake ndani.

Ombi langu ni moja, nami nitalirudia hadi mnichoke: someni namba ya shasi.

Kila gari linayo. Magari ya Ulaya na Marekani yana tarakimu na herufi 17, zimechongwa kwenye bodi na mara nyingi huonekana chini ya kioo cha mbele. Ya soko la Japani yana namba fupi zaidi, lakini kazi ni hiyohiyo. Ukiiingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji, unaambiwa kama gari hilo limeitwa kurudi kwa marekebisho na kama marekebisho yalifanyika. Ni bure. Simu yoyote yenye intaneti inatosha. Kwa magari ya Volkswagen, Audi, Skoda na Seat yenye injini iitwayo EA189, mamlaka ya Ujerumani iliagiza yarudishwe, na Ulaya nzima yalikuwa karibu milioni 8.5. Mwenye gari hakutozwa hata senti. Kwa hiyo muuzaji wa Heyvaert asiye na karatasi ya marekebisho ni mtu aliyeshindwa hata kulipeleka gari karakana ya bure, naye anataka dola zenu. Msimpe.

Hiyo ni sehemu ya mnunuzi. Sehemu kubwa zaidi ni ya forodha. Namba ya shasi tayari inaandikwa kwenye karatasi za mamlaka ya forodha, DGDA, na za ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, gari linapoingia. Inaandikwa, inapigwa muhuri, inafungiwa kabatini. Nataka itumike. Kabla ushuru haujapokelewa, namba ilinganishwe na orodha za marekebisho za nchi lilikotoka. Gari lenye dosari ya moshi isiyorekebishwa lirudi, au mwagizaji alirekebishe kwanza. Na namba zote zitunzwe kwenye daftari moja la taifa, kwa aina ya injini na mwaka.

Kwa nini nalishikilia daftari hili? Kwa sababu Marekani ilimshinda mtengenezaji kwa kumwonyesha hesabu: haya ndiyo magari, hawa ndio wenye nayo, hii ndiyo miji yanamotembea. Kongo leo haiwezi kusema ni magari mangapi ya EA189 yanayopanda mlima wa Ngomo. Bila orodha hakuna mdai, na pasipo mdai mtengenezaji hakosi usingizi kwa ajili yetu. Sheria ya kusimamia tunayo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya Julai 2011 inatambua kwamba anayechafua ndiye alipe. Wabunge wetu wanaosimama Kinshasa kuwatetea Wakivu kwa sauti kubwa, nawaomba waongeze sentensi moja tu: mtengenezaji aliyedanganya vipimo anawajibika Kongo hata kama gari limefika likiwa mtumba. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo sentensi hiyo inaweza kusomwa Arusha pia. Kenya inakataa gari lenye zaidi ya miaka 8. Gari la safari ya kupita tu linatua bandarini mwao na kuja kwetu, kana kwamba Kivu ndiko mwisho wa kila kitu.

Hapa nitawagombeza kidogo, maana ninyi ni wangu. Kwa nini gari likifika tu linapelekwa kwa fundi atoe katalizeri, kile kifaa cha kusafisha moshi? Mnasema linavuta vizuri mlimani. Wengine wameiuza kwa sababu ya madini yaliyomo. Ukaguzi wa Uholanzi wa mwaka 2020 uliyakuta magari mengi ya kwenda Afrika yakiwa yameng'olewa vifaa hivyo kabla ya kupakiwa, kwa hiyo wezi wa kwanza wako huku, na nimewaambia hivyo bila kuogopa. Lakini kinachosalimika njiani mnakimalizia wenyewe, halafu mnalipia karatasi ya kontroli tekiniki, yaani ya ukaguzi wa gari, gari likiwa limelala nyumbani. Nimewaona wanangu, yaani watoto wa dada, wakifunika pua na kola ya shati la shule kwenye mteremko wa Kadutu. Ninyi mnawaona kila siku.

Mafuta nayo yana shauri lake. Mwaka 2016 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba mazutu yenye salfa nyingi, yasiyoruhusiwa Ulaya, yalikuwa yakichanganywa hapahapa Antwerp na Uholanzi kwa ajili ya soko la Afrika. Ubelgiji imepiga marufuku kuyasafirisha tangu mwaka 2024. Ilichukua miaka 8 ya kelele. Nilisimama na wenzangu wa mtaa wa Matonge, hapa Brussels, tukipiga kelele hizo, kwa hiyo msiniambie kwamba wa ughaibuni tunajua kuandika tu.

Najua pia mtakaloniambia usiku, sauti ikiwa chini. Mji uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari 2025, benki zimefungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu umekufa, na mimi nawaletea habari za moshi. Ndiyo. Nawaletea. Sikuwapo milio ya risasi ilipoingia mjini. Nilikuwa nimekaa kwenye tramu yenye joto, nikibonyeza simu isiyopokelewa, na aibu ya siku zile haijanitoka. Mama alipoanza kukohoa nilituma dawa. Mtoto wa kiume aliyebaki nyumbani angemhamishia meza yake ya kuuzia mbali na barabara. Sina haki ya kuwaamuru kitu. Lakini vita haijasimamisha hata gari moja la mazutu, na magari yanayoingia sasa ndiyo mtakayokuwa nayo amani ikirudi.

Basi tuanze bila kungoja serikali yoyote. Chama cha madereva, ACCO, kina watu kila maegesho. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya UOB na UCB wana simu na wana hasira. Wapeni kazi: namba ya shasi, aina ya injini, mwaka, na kama katalizeri ipo. Jina la mwenye gari lisiandikwe, asije akasumbuliwa na yeyote. Nitumieni orodha. Huku tuko wengi tunaosoma Kijerumani na Kiholanzi, tutazipitia namba moja baada ya nyingine na kuwarudishia majibu. Zenye udanganyifu tutazipeleka kwa mawakili wanaozijua kesi hizi.

Na gari mliloniomba sitalinunua mpaka muuzaji anionyeshe karatasi. Mjomba, anza wewe: nitumie namba ya ile Dyna yako nyeupe, pamoja na picha ya bomba la moshi kwa chini.

Wasalimieni wote wa Nguba na wa Nyamugo.

Ndugu yenu, Brussels